Maswali ya Wasomaji: Mtihani wa Somo na Mlango wa Chuo Kikuu cha Marekani

Katika toleo lililopita tuligusia kwa kifupi udahili wa vyuo vikuu vya Marekani, hasa vile vinavyokataa waombaji wengi kuliko vinaowapokea. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na karibu zote zilizunguka jambo moja: mtihani wa somo mojamoja, uliotungwa na kusahihishwa nje ya shule, una uzito gani mbele ya kamati ya udahili? Nimechagua barua tano. Nimezifupisha bila kubadilisha maana, na majina nimeyaacha.

SWALI: Mwalimu, salaam. Binti yangu yuko kidato cha tano, tahasusi ya PCM, na ameazimia kuomba nafasi katika vyuo vikuu vikubwa vya Marekani. Kituo kimoja cha maandalizi hapa mjini kimeniambia kwamba bila mitihani mitatu ya SAT ya masomo, yaani Hisabati Ngazi ya Pili, Fizikia na Kemia, ombi lake halitasomwa hata ukurasa wa kwanza. Nimekwisha lipa nusu ya ada na kununua vitabu vitatu, ambavyo picha zake ninaziambatanisha pamoja na risiti. Je, ni kweli mitihani hiyo ina uzito kiasi hicho? (Mzazi, Moshi)

JIBU: Mzee wangu, salaam sana. Mitihani uliyoambiwa haipo tena. College Board, taasisi iliyokuwa ikiitunga, ilitangaza tarehe 19 Januari 2021 kwamba inaifuta. Kwa wanafunzi walioko Marekani ilikoma papo hapo, na kwa wanafunzi wa nchi nyingine iliachiwa awamu mbili za mwisho, Mei na Juni mwaka huo. Tangu hapo hakuna mtoto yeyote aliyeketi kuifanya. Jalada la kitabu chako cha hisabati lina mwaka 2018 pembeni, na kibandiko cha bei kimebandikwa juu ya kibandiko kingine. Sura zake za trigonometria hazijaoza, kwa hiyo mwachie binti azifanyie mazoezi. Ada ndiyo ya kudai. Rudi kituoni ukiwa na tarehe hiyo mkononi, uombe fedha zako kwa maandishi, na wakikuambia kwamba walimaanisha SAT ya kawaida, ule mtihani wa jumla wa udahili, waulize ni kwa nini risiti imeandikwa Fizikia na Kemia, maana SAT ya kawaida ina sehemu mbili tu: kusoma na kuandika kwa Kiingereza, na hisabati.

Hata hivyo swali lako linastahili jibu refu kuliko hilo, kwa sababu maneno ya kituo hayakuzuka hewani. Mitihani hiyo ilianza mwaka 1937, ikabadilishwa jina mara kadhaa, na kuanzia 2005 ikajulikana kama SAT ya masomo. Kila mmoja ulichukua saa moja na ulitolewa alama kati ya 200 na 800. Chuo cha MIT kilidai mmoja wa hisabati na mmoja wa sayansi, Caltech ilidai Hisabati Ngazi ya Pili pamoja na sayansi mojawapo, na Georgetown ilihimiza mitatu. Kwa hiyo kuna kizazi kizima cha wazazi na walimu kilichokua kikijua kwamba ukitaka chuo cha juu lazima uende na mitihani miwili au mitatu ya masomo, na habari ya zamani husafiri polepole, hasa pale ambapo kuna mtu anayekula kwa kuisafirisha.

Hata enzi hizo, lakini, uzito wa mitihani hiyo haukuwa wa aina unayoidhania. Tuchukue hiyo Hisabati Ngazi ya Pili: maswali 50 kwa dakika 60, na kila jibu la kukosea likikatwa robo ya alama. Kiwango kilikuwa kimepangwa kwa namna ambayo mtahiniwa aliweza kuacha maswali kadhaa bila kuyajibu na bado akapewa 800 kamili, na katika miaka ya mwisho karibu mtahiniwa mmoja kati ya watano alipata hiyo 800. Jiweke sasa kwenye kiti cha msomaji wa maombi mwenye rundo la majalada mezani. Akiiona 800 ya hisabati hasemi kwamba huyu ndiye tuliyekuwa tukimtafuta. Anasema hesabu si tatizo, kisha anafungua ukurasa unaofuata. Akiiona 620 kwa kijana anayeomba uhandisi, hapo ndipo anapovua miwani. Mtihani ulikuwa hodari wa kutia shaka, si wa kuleta sifa.

Takwimu moja itakusaidia kuliko ushauri wangu. Katika kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard kuhusu udahili, uamuzi wa mahakama wa mwaka 2019 ulieleza kwamba kwa kundi la wanafunzi lililotarajiwa kuhitimu mwaka huo, waombaji wa ndani ya Marekani walikuwa kama 26,000. Kati yao, karibu 3,400 walikuwa na alama kamili katika hisabati ya SAT, karibu 2,700 walikuwa na alama kamili katika sehemu ya lugha, na zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani wa shule usio na doa. Viti vilikuwa kama 1,600. Kesi hiyo hiyo ilionyesha kwamba wasomaji wa maombi humpa kila mwombaji madaraja kuanzia 1, lililo bora, hadi 6, katika masomo, shughuli za nje ya darasa, michezo, na haiba yake. Alama zote za mitihani, za somo na za jumla, zilikuwa zikiingia katika kapu moja tu la masomo. Kwetu vyuo vyenyewe, na kule Kenya KUCCPS, taasisi ya serikali inayowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, hupanga watu kwa pointi, na mwenye pointi nyingi humtangulia mwenye chache bila mjadala. Kule hakuna idadi ya pointi inayompa mtu haki ya kiti.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, PCB, katika shule ya serikali. Kwetu hakuna AP, yale masomo ya kiwango cha chuo ya sekondari za Marekani, wala mitihani ya Cambridge. Je, vyuo vya Marekani huzitambua alama za NECTA kama mitihani ya masomo, au ni lazima nitafute mingine? Na hiyo SAT ya kawaida niifanye? (Mwanafunzi, Arusha)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mtihani wa taifa unaoufanya ni mtihani wa somo kwa kila maana ya neno: umetungwa nje ya shule yako, unasahihishwa na watu wasiokujua, unapima ulichofundishwa katika baiolojia, kemia na fizikia, na una karatasi za kuandika kwa kirefu na za vitendo maabara, jambo ambalo ile mitihani ya College Board ya kuchagua jibu haikuwahi kuwa nalo. Wasomaji wa maombi wanaoshughulikia Afrika wanalijua hilo. Harvard, iliporudisha sharti la SAT au ACT (mtihani mwingine wa jumla wa aina ya SAT) mwezi Aprili 2024, ilisema kwamba katika hali za pekee, pale mwombaji asipoweza kuifikia mitihani hiyo miwili, itapokea matokeo ya AP, ya IB (stashahada ya kimataifa ya sekondari), ya GCSE na A-level za Uingereza, au ya mtihani wa taifa wa kuhitimu, yawe ya kweli au ya makadirio ya walimu.

Tatizo lako si kutambuliwa. Tatizo ni kalenda. Mwisho wa kupeleka maombi katika vyuo vingi vya aina hii ni mwanzoni mwa Januari, majibu hutoka mwishoni mwa Machi, mtihani wako wa kidato cha sita ni Mei, na matokeo hutangazwa Julai. Kwa maneno mengine, mtihani unaouhesabu kuwa ndio maisha yako yote utafanyika baada ya uamuzi kutolewa. Kamati itakachokiona ni cheti chako cha kidato cha nne, taarifa za muhula, mtihani wa utamilifu kama umefanyika mapema, na makadirio ya walimu wako. Matokeo ya Julai bado yatadaiwa, na chuo kina haki ya kuuliza kulikoni endapo yataporomoka, lakini hayatakuingiza. Wapo wanaoamua kumaliza kwanza kidato cha sita, wangoje matokeo, kisha waombe kwa mwaka unaofuata wakiwa na cheti mkononi. Kwa kijana ambaye kidato cha nne hakikumwendea vizuri na sasa ameamka, mimi huona kwamba mwaka huo mmoja si hasara.

Jambo la pili limewaumiza wanafunzi wazuri mbele ya macho yangu, nalo ni namna matokeo yetu yanavyosomeka kwa mgeni. Nimewahi kuikamata karatasi ya shule iliyoandikwa kwa unyoofu kabisa, bila maelezo yoyote: «Daraja la Kwanza, pointi 7». Sisi tunajua kwamba 7 katika kidato cha nne ndicho kilele, A saba bila kasoro. Mmarekani aliyezoea kwamba namba kubwa ndiyo nzuri hawezi kukisia hilo. Vilevile A ya kidato cha nne huanzia 75, na A ya kidato cha sita huanzia 80, ilhali katika shule nyingi za Marekani 75 ni C. Mwalimu mkuu akituma asilimia tupu, kwa nia njema, amekushusha madaraja mawili bila kujua. Mwombe aandike ukurasa mmoja wa maelezo ya shule: madaraja yamepangwaje, A huanzia wapi, wangapi walipata Daraja la Kwanza mwaka jana, shule ina tahasusi zipi, na masomo yapi hayafundishwi kwa kukosa mwalimu. Ukurasa huo una faida kuliko kitabu chochote cha mazoezi utakachonunua.

Kuhusu SAT ya kawaida: ifanye, kama una njia. MIT ilirudisha sharti hilo mwaka 2022, na mwaka 2024 wakafuata Dartmouth, Yale, Brown, Caltech na Harvard kwa taratibu zinazotofautiana. Vyuo vingine vimeliacha suala la kupeleka alama liwe hiari ya mwombaji. Siku hizi hufanywa kwenye kompyuta kwa muda wa saa mbili na robo hivi. Msamaha wa ada wanaopewa wanafunzi wasio na uwezo kule Marekani hautolewi kwa walioko nje, na vituo ni vichache, vyote mijini, kwa hiyo weka akiba ya ada na ya nauli. Usihangaikie AP: mitihani yake hufanyika Mei, mwezi uleule wa mtihani wako wa taifa, na hakuna kamati itakayomlaumu mtoto wa shule ya serikali ya Tanzania kwa kutokuwa na mtihani ambao shule yake haiutoi. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, nenda au waandikie EducationUSA, ofisi ya ushauri iliyo chini ya Ubalozi wa Marekani. Ushauri wao ni wa bure.

SWALI: Habari za kazi, kaka Mhariri. Tunaishi Columbus, Ohio, na kijana wetu yuko darasa la 11. Shule yao ina masomo mengi ya AP, na mzazi mwenzangu ananiambia kwamba asipokuwa na AP kumi asahau vyuo vya juu. Mtoto tayari halali. Pia nauliza: anazungumza na kuandika Kiswahili vizuri, je, hakuna mtihani wa Kiswahili wa kumsaidia? (Mama, Ohio)

JIBU: Dada, nzuri, na pole kwa kukesha. Baada ya SAT ya masomo kufutwa, AP ndiyo iliyorithi nafasi yake, na urithi huo umeleta mkanganyiko, maana AP ni vitu viwili vilivyoshikana: kuna somo la mwaka mzima, ambalo mwalimu humpa mtoto alama inayoonekana kwenye taarifa ya shule, na kuna mtihani wa Mei, ambao College Board huutoa alama kati ya 1 na 5. Kamati hulitazama zaidi hilo la kwanza. Wanataka kujua kama mtoto alichagua masomo magumu miongoni mwa yale shule iliyokuwa nayo, na alifanyaje humo kwa miezi tisa. Mtihani huja kuthibitisha: 5 inasema kwamba A ya mwalimu haikuwa ya huruma, na 2 iliyokaa pembeni ya A huacha swali.

Hapo kuna hesabu ambayo wazazi wengi hawaipigi. Mitihani ya AP ya darasa la 12 hufanyika Mei, wakati majibu ya vyuo yamekwisha kutoka. Inayoweza kumsaidia kijana wako katika udahili ni ile ya darasa la 10 na ya Mei hii tu. Masomo kumi basi ni idadi ya jirani, si ya chuo. Manne au matano aliyoyamudu, yanayoendana na anachotaka kusomea, na usingizi wa kutosha wa kumwezesha kuandika insha yenye sauti yake, yatamfikisha mbali kuliko kumi yaliyojaa B na 3. Yale, kwa utaratibu iliyoutangaza Februari 2024, humruhusu mwombaji kupeleka matokeo ya AP au IB badala ya SAT au ACT, ila anayechagua njia hiyo lazima apeleke matokeo yake yote ya mitihani hiyo, mazuri na mabaya. Chuo Kikuu cha California kwa upande wake hakiitazami SAT wala ACT hata ukiwapelekea. Angalieni kila chuo peke yake.

Kiswahili, kwa masikitiko, hakikuwahi kuwemo. Katika mitihani 20 iliyokuwapo hadi mwisho, lugha zilikuwa Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kiitaliano, Kilatini, Kiebrania cha kisasa, Kichina, Kijapani na Kikorea. Lugha ya mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki na Kongo haikuonekana inafaa kutungiwa maswali, na AP nayo haina. IB inayo, na Cambridge ina mtihani wa Kiswahili wa ngazi ya O, lakini sidhani kama shule yenu inatoa mojawapo. Mwulize mshauri wa shule kuhusu Muhuri wa Lugha Mbili, heshima inayowekwa kwenye cheti cha sekondari kwa mhitimu aliyethibitisha umahiri katika Kiingereza na lugha nyingine. California iliuanzisha mwaka 2011 na Ohio inao. Zaidi ya hapo, mahali pa Kiswahili ni katika shughuli zake: kama Jumamosi huwafundisha wadogo msikitini au kanisani, au humfasiria bibi kwa daktari, hayo ayaandike. Watoto wetu huyaacha kwa kudhani ni kazi za nyumbani tu.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nimefundisha sekondari kwa miaka 22. Nilishangaa kuona katika toleo lililopita mkiiandikia mitihani sanifu kwa upole. Kila mwalimu anajua kwamba mitihani hiyo hupima mfuko wa mzazi. Kwa nini chuo chochote chenye haya kiendelee kuitumia? (Mwalimu, Mombasa)

JIBU: Mwalimu mwenzangu, malalamiko yako yana msingi, lakini naomba tuitenganishe mitihani, kwa sababu si yote inayopima mfuko kwa kiasi kimoja, na hapa ndipo nilipo na neno langu.

Mwaka 2001 Richard Atkinson, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California, alitoa hotuba ya kupendekeza kwamba chuo chake kiachane na SAT ya kawaida. Alieleza kwamba alitembelea shule moja ya binafsi ya watu wenye nafasi akakuta watoto wa miaka 12 wakifanyishwa mazoezi ya milinganisho ya maneno, neno hili kwa lile ni kama lile kwa hili, kwa ajili tu ya mtihani uliokuwa miaka mingi mbele yao. Alichokitaka hakikuwa kuondoa mitihani yote. Alitaka ibaki ile inayopima yaliyofundishwa darasani, yaani mitihani ya masomo. Watafiti wa chuo hicho, Saul Geiser na Roger Studley, walichambua rekodi za wanafunzi karibu 78,000 walioingia kati ya 1996 na 1999, wakatazama ni kipi kinachotabiri vizuri alama za mwaka wa kwanza. Mitihani ya masomo peke yake ilieleza asilimia 16 ya tofauti za alama hizo, wastani wa shule asilimia 15.4, na SAT ya kawaida asilimia 13.3. Viwili vya kwanza vikiwekwa pamoja vilieleza asilimia 22.2, ukiongeza SAT ya kawaida juu yake unafika 22.3. Sehemu moja ya kumi ya asilimia, kwa usumbufu wote ule! Na walipoingiza hesabuni kipato na elimu ya wazazi, nguvu ya SAT ya kawaida ilififia karibu yote, huku ya mitihani ya masomo ikibaki imesimama.

Kwa hiyo ukiniuliza, mtihani wa somo ndio uliokuwa wa haki zaidi kati ya hiyo miwili. Mtoto wa fundi anaweza kukopa kitabu cha kemia akakaa nacho. Mwalimu mmoja mzuri wa kemia anaweza kumwinua. Na akifeli, kufeli kwake kunamwambia arudi kwenye sura ipi. Mtihani wa uwezo wa jumla haumwambii chochote cha kufanya isipokuwa kulipia maandalizi. Kinachoniuma ni kwamba ule ulioshikamana na darasa ndio uliouawa, na ule wa milinganisho, japo milinganisho yenyewe iliondolewa mwaka 2005, upo hadi leo. Nakiri pia kwamba asilimia 22 inaacha sehemu kubwa ya mambo bila maelezo, na kamati inayosoma zaidi ya alama haifanyi hivyo kwa mapambo.

Hata mtihani wa haki unaweza kuwa kizuizi, na ushahidi unatoka chuo hichohicho. Mwezi Februari 2009 baraza la Chuo Kikuu cha California liliamua kuliondoa sharti la mitihani ya masomo kwa watakaoingia 2012, na sababu kubwa ilikuwa kwamba maelfu ya wanafunzi wenye alama nzuri walikuwa wakikosa sifa ya kuomba kwa kuwa tu hawakuketi kwa mitihani hiyo, hakuna aliyewaambia. Shule zenye washauri wa kutosha ziliwaandikisha wanafunzi wao mapema, na nyingine hazikujua tarehe. Maswali yenyewe hayakuwa na upendeleo mkubwa. Upendeleo ulikuwa katika fomu, tarehe na nauli ya kufika kituoni, na hilo sisi wa Pwani tunalifahamu bila kufundishwa.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana Dartmouth. Chuo hicho kilipofanya alama kuwa za hiari wakati wa korona, kikundi cha maprofesa wake kilichunguza waombaji waliozificha, kikagundua kwamba wapo wanafunzi wa familia za kipato cha chini waliokuwa na alama kama 1400 ambao hawakuzipeleka wakidhani ni ndogo, ilhali kamati ingezisoma kwa kulinganisha na shule walizotoka na zingewafaa. Chuo kikarudisha sharti Februari 2024. MIT ilitoa sababu iliyo karibu zaidi na mada yetu ya masomo: kila mwanafunzi wake, hata wa muziki, lazima apite mihula miwili ya kalkulasi na miwili ya fizikia inayotumia kalkulasi, na bila kipimo cha nje waliona hawawezi kumtambua mtoto aliye tayari kwa hesabu hizo lakini ametoka katika shule isiyo na masomo ya juu. Hapo, Mwalimu, kumwondolea maskini mtihani kungekuwa kumwondolea shahidi pekee aliyekuwa naye. Sikuombi uipende SAT. Ila wanafunzi wako wa kidato cha nne wakikuuliza kama waihangaikie, usiwakatishe tamaa kwa hasira ambayo wewe na mimi tunaielekeza kwingine.

SWALI: Hujambo Mhariri. Katika KCSE nilipata A katika hisabati, fizikia na kemia, A- kwa wastani, lakini historia nilipata C+. Naomba kusomea uhandisi. Je, naweza kutuma alama za sayansi pekee? (Kijana, Kisumu)

JIBU: Sijambo, ndugu yangu, na hongera kwa A tatu. Huwezi. KCSE ni cheti kimoja, na chuo kitataka kukiona kizima. Ukituma nusu utaonekana mdanganyifu kabla hujaonekana mhandisi. Hiyo C+ haitakuzuia kama mambo mengine yamesimama, kwa sababu anayesomea uhandisi hupimwa kwanza kwa hisabati na fizikia, na huko umemaliza ubishi. Usiiandikie insha ya kuiombea radhi. Kama kuna sababu ya kweli, kwa mfano shule ilikaa mihula miwili bila mwalimu wa historia, mwombe mwalimu mkuu aitaje kwa sentensi moja katika barua yake, kwa maana neno hilo likitoka kwake ni taarifa, na likitoka kwako ni udhuru. Na kwa kuwa matokeo yako yamekwisha kutoka, umewazidi wenzako wa kidato cha sita Tanzania kwa jambo moja: utaomba ukiwa na cheti kamili. Pata nakala zilizothibitishwa mapema, kwa sababu foleni ya Desemba unaijua.